Sauti ya Sikio la Kushoto

Mkono wa Dada ulikuwa umeshazigusa hedifoni. Hapo ndipo tulipoishia wiki jana, na baadhi yenu mmeniandikia kwa hasira. Poleni. Kwenu ilipita wiki. Kwa Sponji ilipita pumzi moja tu.

"Nipe na mimi nisikie," Dada alisema. "Umekauka kama umeona jini. Unasikiliza nini?"

"Hamna."

"Hamna gani inayomtoa mtu jasho?"

Kwa anayejiunga nasi leo nitasema haraka, maana Dada hana subira. Sponji ni mdogo wake Dada, msichana ambaye mchana hukata magodoro kiwandani na jioni hutengeneza muziki. Jina hilo alipewa kazini, likamfuata mpaka nyumbani. Studio yake ni kabati la nguo lililo kwenye chumba cha nyuma. Amelibandika mabaki ya sponji ndani kote, hata mlangoni, mpaka nguo zenyewe zikahamia kwenye boksi. Huimba humo akiwa amechuchumaa, maikrofoni ikining'inia kwenye henga. Nyimbo zake huziweka mtandaoni kwa jina la Chumba cha Nyuma. Mama na Dada hawajui lolote. Wanadhani anacheza michezo ya kompyuta.

Wimbo wake mmoja, "Nimekuachia Taa", umeshika moto. Na chini kabisa ya wimbo huo, upande wa sikio la kushoto, kuna mtu ananong'ona.

Ilivyotokea ni aibu ya fundi. Nyimbo za kompyuta huwa safi mno, hukauka kama mkate ulioachwa wazi. Ukizitandikia ukimya wa chumba halisi, zinapata pumzi. Basi siku moja, nyumbani kuna mgeni, Sponji aliiacha maikrofoni ikirekodi ukimya kabatini, mwenyewe akaenda zake jikoni kuosha vyombo. Aliporudi akauchukua ukimya ule, akaukuza, akautandika chini ya wimbo upande wa kushoto peke yake. Hakuwahi kuusikia. Hedifoni zake za zamani zilikuwa zimekufa sikio hilohilo.

Leo mchana ameazima hedifoni nzima. Akazima ngoma, akazima kinanda, akazima sauti yake mwenyewe. Ukabaki ukimya. Na ndani ya ukimya, kupitia ubao mwembamba unaotenga chumba chake na sebule, akamsikia shemeji yake mtarajiwa anasema na simu: "Usije huku. Mwambie mtoto baba yuko safarini. Nikimaliza kazi iliyonileta nakuja nyumbani, mke wangu."

Kazi yenyewe ni harusi ya Dada. Ni Jumamosi hii. Na Dada ameshazivaa hedifoni.

Kidole cha Sponji kilikuwa chepesi kuliko akili yake. Kabla hedifoni hazijakaa sawasawa kichwani mwa Dada, alishawasha kila kitu kwa mkupuo: ngoma, kinanda, sauti. Shemeji akazama chini kama jiwe kisimani.

Dada akatabasamu. Mabega yakaanza kuyumba. Alikuwa ndani ya gauni la harusi lililoshikizwa kwa pini, mkono mmoja bado haujashonwa, na kila alipoyumba pini zilimetameta.

"Kumbe ni huu," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wote waliovaa hedifoni. "Shemeji yako anaupiga kila jioni kwenye kipindi chake cha redio. Anasema aliyeutengeneza ni fundi wa mafundi."

"Anasema hivyo?"

"Na alivyokicheka kile kinanda chako, leo ungemsikia anavyosifu. Nimemwomba tuingie nao ukumbini."

"Chagua mwingine, dada. Huu una majonzi."

"Majonzi yako hayo. Mimi nausikia mtamu." Dada akafumba macho. Kisha uso wake ukabadilika kidogo. Akabonyeza hedifoni ya kushoto kwa vidole viwili. "Hapa kuna mtu anaongea."

"Ni mapambo ya wimbo tu."

"Mwanaume. Anasema nini huyu? Punguza ngoma nisikie."

"Haipunguziki."

"We, kompyuta nzima hiyo, ngoma haipunguziki?"

Mlango ukagongwa. "Bi harusi," Mama akaita, "fundi anasema ukichelewa anakwenda zake na sindano yake."

Dada akavua hedifoni, akazitupa kitandani, akakusanya gauni lake. Mlangoni akageuka. "Nikirudi utanipunguzia hiyo ngoma. Nataka kumjua huyo bwana anayeninong'oneza kwenye wimbo wangu."

Akaondoka. Sponji akakaa sakafuni.

Wengi mmeniuliza: kwa nini asiufute wimbo wote, yaishe? Mnasema hivyo kwa kuwa hamjui mambo ya wasikilizaji. Aliufungua ukurasa wake ili afanye hivyohivyo, na huko ndiko alikokuta watu wamejaa kama msibani.

"Mimi ni dereva wa lori," mmoja ameandika. "Yule baba aliye safarini ni mimi. Nimesimamisha gari nikapiga simu nyumbani."

"Mimi nilikuwa huyo mtoto. Sijui aliyetunga amejuaje."

"Nausikiliza nikienda zamu, nausikiliza nikitoka. Sikio la kushoto, jamani. Weka sikio la kushoto."

"Ngoma yenyewe kama mtu anapiga godoro," kaandika mpinzani mmoja, na Sponji angecheka siku nyingine, maana ni kweli analipiga godoro.

Na hapa nitawaambia jambo ambalo Sponji hajaliambia hata mto wake. Liliuma. Wimbo wa kwanza kupendwa katika maisha yake, na wanachokipenda humo si sauti yake, si kinanda alichohangaika nacho, si maneno aliyoyafuta na kuyaandika upya. Wanapenda uongo wa mwanaume mmoja aliyeegemea ukuta. Kwa muda mfupi, mfupi sana, akawaza: nikinyamaza, wimbo utapanda zaidi.

Kisha akaona maoni ya juu kabisa, na wazo hilo likamkimbia.

Aliyeandika anajiita Masikio. "Nimeshaondoa ngoma kwa programu ya simu. Kimebaki kinanda. Kipindi cha jioni cha redio kikianza, naweka hapa sauti tupu ya huyo bwana. Mtaamua wenyewe ni nani."

Chini yake watu wanashangilia. Mmoja ameandika: "Hiyo sauti naijua. Kila jioni nakula nayo chakula."

Sponji akatazama dirishani. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea kwenye paa la jirani. Jioni haiko mbali. Sauti ikitoka, mji mzima utamjua mtangazaji wake kabla Dada hajamjua mchumba wake. Dada ni mwalimu wa chekechea; kesho asubuhi wazazi wataleta watoto wao na kumtazama kwa huruma, naye hatajua kwa nini. Hilo Sponji hakuweza kulibeba. Dada akiambiwa, aambiwe nyumbani, na wa damu yake.

Akamwandikia Masikio faraghani. "Tafadhali usiweke hiyo sauti."

Jibu likaja papo hapo. "Wewe nani?"

"Mwenye wimbo."

"Leo wenye wimbo mmekuwa wengi. Ile ngoma ni nini?"

"Ni kofi. Nalipiga godoro jipya kabla halijavishwa kitambaa. La zamani halitoi mlio ule."

Sponji akakata ukucha kwa meno.

"Basi ni wewe," Masikio akaandika. "Nilikuwa nakutafuta, na nilijua nikitishia utajitokeza. Nijibu swali moja na sitaweka kitu. Huyo mwanaume alikuwa nyumbani kwa nani?"

"Kwa nini unataka kujua?"

"Kwa sababu upande wa pili wa hiyo simu nilikuwa mimi."

Sponji alisoma mstari huo, akausoma tena, akaiweka simu sakafuni kifudifudi, kisha akaiokota.

Maneno yalikuwa yanaendelea kuingia. "Mwanangu ndiye aliyeanza. Nilikuwa nafua, redio inapiga wimbo wako, yeye amebandika sikio kwenye spika. Akaniuliza, mama, baba anafanya nini humo ndani? Nikamwambia aache utoto. Siku ya pili nikabandika sikio langu."

"Kwani ninyi hamjaachana?" Sponji akaandika.

"Nani amesema tumeachana? Jumapili nimempigia pasi mashati nikamfungia begi. Kaniambia redio inamtuma mikoani, atatangazia huko. Sasa nimemfuata. Niko mji huu tangu jana, nyumba ya wageni, na mtoto. Nasikiliza kipindi chake akiwa barabara ya pili kutoka nilipo. Mdogo wangu, wewe unaonekana mtu mwema. Nyumba ni ya nani?"

Sponji akaandika, akafuta. Akaandika tena. "Ni nyumba yetu. Jumamosi anamwoa dada yangu. Dada hajui."

Alipodhani mwenzake ameondoka, simu ikatetemeka.

"Pole yake," Masikio ameandika. Ndivyo hivyo, neno la kwanza. Halafu: "Niambie na hili. Akishamaliza yeye, kuna mwanamke anaongea. Mtu mzima. Sauti ile kama naifahamu, nashindwa kuipa uso. Ni nani?"

Mwanamke gani? Sponji hakuwa amefika huko; Dada alimkatiza. Akavaa hedifoni. Akazima kila kitu tena, akasogeza mbele, mbele ya "mke wangu", mbele ya simu inayokatwa. Kikasikika kiti kikiburutwa. Kijiko ndani ya kikombe. Halafu ile sauti iliyomwamsha kwenda shule tangu anajua jina lake.

"Umemaliza, mwanangu? Basi hayo yaishie hapahapa sebuleni. Msichana wangu asiyasikie."

Ilikuwa sauti ya Mama.

Mnaona mkasa ulivyogeuka. Sponji akimsikilizisha Dada wimbo, Dada atapoteza mchumba. Na kwa mstari huohuo, pumzi hiyohiyo, atapoteza mama.

Sebuleni viti vya kukodi vilikuwa vimepandana mpaka dirishani, na Mama ameketi katikati yao anavifunga riboni moja baada ya nyingine. Chumbani kwake, nyuma ya mlango uliorudishwa, fundi cherehani alikuwa anamwambia Dada avute tumbo ndani.

Sponji akachuchumaa karibu na Mama ili asipaze sauti. "Mama. Siku shemeji alipokuja mara ya kwanza, aliongea na nani kwenye simu?"

"Simu gani? Mtu wa redio anapigiwa simu kama mkunga."

"Ulimwambia yaishie sebuleni."

Riboni ikasimama. Mama akautazama ukuta wa ubao kama anauona leo. "Wewe siku ile ulikuwa jikoni unaosha vyombo."

"Mimi nilikuwa jikoni. Maikrofoni ilikuwa kabatini."

"Maikrofoni ya nini kabatini?"

"Mama, usinitoe njiani."

Mama akaendelea kufunga, lakini fundo lilikuwa halishiki. "Aliniapia," akasema chinichini. "Alisema wameachana, limebaki la mtoto tu. Na mimi nikasema, mtoto si ukoma. Dada yako umri unakwenda, kila mwaka analea watoto wa watu, anarudi hapa na rangi za kuchorea kwenye vidole. Nimepata mkwe anayeheshimika. Nilitaka nini tena?"

"Hawajaachana."

"Umejuaje?"

"Nimeongea na mkewe sasa hivi."

Mama alisimama ghafla, viti viwili vikaanguka. "Umeongea naye wapi? Amesema nini? Amenitaja?"

"Akutaje kwa lipi? Amekujulia wapi?"

"Nauliza tu."

"Yuko hapahapa mjini, Mama. Na mtoto."

Uso wa Mama ulipoteza damu mpaka kwenye midomo. Akamshika Sponji mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi. "Sikiliza, mwanangu. Wewe ni mdogo, hujui. Jambo la watu wawili likifikishwa mezani mapema linaua wote. Nyamaza mpaka Jumamosi ipite."

"Jumamosi ipite halafu nini?"

Dada alikuwa mlangoni. Mkono wa pili wa gauni sasa umeshikizwa, na nyuma yake fundi cherehani amebaki na pini mdomoni, amesahau kuzitoa.

"Halafu nini, Mama?" akarudia.

"Halafu tupumzike," Mama akasema. "Tumechoka."

Dada akamtazama Sponji. Wamekua kitanda kimoja wale. Mmoja akidanganya, mwenzake husikia kwenye pumzi. "Ule wimbo," akasema. "Ngoma haipunguziki."

"Inapunguzika," Sponji akasema.

"Usithubutu," Mama akasema, na haikuwa sauti ya kukaripia. Ilikuwa ya kuomba. "Ukimpa hicho kitu, mimi na wewe..."

Sponji alimwangalia mama yake, akamwangalia Dada ndani ya gauni, akaenda chumbani, akarudi na kompyuta mikononi kama mtu aliyebeba sahani ya moto. Akamvisha Dada hedifoni mwenyewe. Akazisawazisha ili pini za kichwani zisimchome. Akabonyeza.

Kwa wale waliosimama kulikuwa hakuna cha kusikia. Ndivyo hedifoni zilivyo na ukatili: mtu anaanguka mbele yako na wewe husikii kishindo.

Dada hakuanguka. Alisimama wima. Macho yake yalikwenda kwenye ukuta wa ubao, yakabaki hapo. Akainua kidole, ishara ya kurudisha nyuma. Sponji akarudisha. Akasikiliza tena, na safari hii alifika mwisho, maana macho yalitoka ukutani yakamwendea Mama, polepole, yakatulia.

Akavua hedifoni.

"Na hii ya pili ni yako," akasema.

Mama alikaa kwenye kiti chenye riboni.

"Nilikuuliza siku ile," Dada akaendelea, kwa sauti ileile anayotumia kwa watoto wake wa darasani, na ndiyo iliyotisha zaidi. "Nilitoka kuvaa nikakuuliza, umemwonaje? Ukasema, mwanangu, huyu hana doa."

"Aliniapia."

"Fundi," Dada akasema bila kugeuka, "nenda nyumbani, shoga. Gauni nitakuletea."

Fundi cherehani akaondoka na pini zake mdomoni. Mlango ulipofungwa Dada akamgeukia Sponji.

"Nani ametengeneza wimbo huu?"

"Mimi."

"Wewe."

"Mimi."

"Tangu lini unafanya haya?"

"Tangu nguo zangu zilipohamia kwenye boksi."

"Na ile ngoma?"

"Godoro."

Dada akatoa kicheko kimoja kifupi, akakifunika kwa kiganja. Machozi yakamtoka hapo, kwenye neno godoro, si kwenye neno lingine lolote. Sponji akamshika. Pini zikamchoma mikononi, hakuachia.

Jikoni redio ndogo ya Mama ilikuwa haizimwi kamwe. Ikalia ile milio ya kufungua kipindi cha jioni, na sauti ikajaa nyumba, ya joto, ya kubembeleza, sauti ambayo watu wanakula nayo chakula.

"Wapenzi wasikilizaji, habari za jioni. Simu ziko wazi. Niambie wewe ni nani na unataka kusikia nini."

Dada akajifuta uso kwa mkono wa gauni. Rangi ya macho ikaacha alama nyeusi kwenye kitambaa cheupe. Akaitazama alama, akachukua simu yake.

"Unampigia nani?" Mama akauliza.

"Anasema simu ziko wazi."

"Dada, utakuwa hewani," Sponji akasema. "Mji mzima."

"Nimeomba wimbo siku zote kama mchumba. Leo naomba kama msikilizaji."

Iliita mara chache, ikapokelewa na mtu, akaambiwa asubiri. Sponji akakimbia kuipunguza redio ya jikoni isije ikapiga mwangwi. Mwili wa fundi hufanya kazi hata moyo ukiwa umesimama. Akabaki mlangoni, sikio moja kwa redio, jingine kwa Dada.

"Halo, uko hewani," shemeji akasema, mara mbili, mara moja simuni na mara moja jikoni.

"Ni mimi."

Akacheka kwa furaha. "Wasikilizaji, leo nimepata bahati. Huyu anayepiga ni ubavu wangu, Jumamosi ananipeleka kifungoni. Haya mama, sema unataka nini."

"Nataka 'Nimekuachia Taa'."

"Nilijua tu. Wimbo wetu huo."

"Lakini nina sharti. Umevaa hedifoni?"

"Nimevaa, ndiyo kazi yangu."

"Basi usiongee juu yake leo. Kila siku unaongea juu yake. Leo sikiliza mpaka mwisho. Sikio la kushoto."

"Kuna nini sikio la kushoto?" Bado alikuwa anacheka.

"Wewe," Dada akasema, akakata.

Wimbo ukaanza. Godoro likapigwa. Sponji alisikia sauti yake mwenyewe ikiingia jikoni, nyembamba, ya msichana aliyechuchumaa kabatini, na kwa mara ya kwanza Mama naye aliisikia akijua ni ya nani. Mama akainua uso.

Simu ya Sponji ikatetemeka. Masikio. "Nimewasikia. Huyo ni dada yako? Ana moyo. Niambie nifanye nini na hii sauti."

Sponji akamsomea Dada kwa sauti. Dada akafikiri kidogo.

"Mwambie asiitoe," akasema. "Mji umeshakula ya kutosha. Mwambie aje hapa yeye na mwanawe, nimwone, anione. Sitaki kusimuliwa tena kwenye nyumba hii. Mpe njia."

"Asije hapa," Mama akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Mleteni yule mwanaume, mkaripieni, mpigeni hata," Mama akasema haraka. "Yule mwanamke asije. Ana kosa gani? Mwacheni apumzike na mtoto wake."

"Ndiyo maana anaitwa," Dada akasema. "Hana kosa. Mdogo wangu, mpe njia."

Sponji akatuma.

Jikoni wimbo ulifika pale penye ule mnong'ono. Ukakatika. Haukufifia, ulikatwa, kama uzi. Redio ikabaki tupu, ukimya wa studio, ukimya ambao Sponji angeweza kuutandika chini ya nyimbo kumi. Kisha kijana asiyejulikana akasema kwa kigugumizi kwamba wanaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, akapiga tangazo la sabuni.

Simu ya Dada ikaanza kuita. Ikaita, ikakatika, ikaita. Jina la mchumba likawa linawaka na kuzimika juu ya kiti cha kukodi. Dada akailaza kifudifudi.

"Yuko njiani," akasema. "Namjua. Atataka kufika kabla sijafikiri."

Mama alikuwa amesimama tena. Amechukua mtandio wake. "Nakwenda kwa jirani mara moja."

"Kaa, Mama."

"Nina kichwa kinaniuma."

"Kaa."

Sijawahi kumsikia Dada akimwamrisha Mama, wala Sponji hajawahi. Mama akakaa, mtandio mapajani, akawa anausokota vidoleni.

Nje geti likalia. Sponji, ambaye dunia humjia kwanza kwa masikio, alijua mapema kuliko wote kwamba si mwanaume. Hatua zilikuwa nyepesi, na pembeni yake viatu vidogo vilikuwa vinakimbia ili vifike sawa.

Dada akajinyoosha gauni. Akafungua mwenyewe.

Walitazamana, mmoja kwenye gauni la harusi lenye doa jeusi mkononi, mwingine na mkoba wa safari begani na uso wa mtu asiyelala. Hakuna aliyetukana. Mgeni ndiye aliyeanza. "Hodi kwako, dada."

"Karibu ndani."

Mtoto alikuwa wa kike, wa umri wa darasa la Dada kabisa. Aliingia wa kwanza akipita chini ya mkono wa mama yake, akashangaa viti vilivyopandana, akashangaa riboni. Kisha macho yake yakafika kwenye kona, kwa Mama. Uso wake ukachanua.

Akakimbia moja kwa moja, akapanda mapajani mwa Mama juu ya mtandio, kama mtoto anayejua mapaja hayo.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Ulipokuja nyumbani kwetu uliniletea peremende. Leo umeniletea nini?"